Uongo wa Stelingi

Kwenye mabanda ya video, hata mtoto aliyeingia kwa kupenya chini ya turubai anajua kwamba wahusika wa picha ni wa aina mbili tu. Kuna stelingi na kuna adui. Stelingi hafi. Adui lazima afe, tena afe mwishoni, tena kwa mkono wa stelingi mwenyewe, siyo kwa ajali wala kwa malaria. Ukishayajua hayo unakaa kwenye benchi lako kwa raha, na kazi inayobaki ni kuhesabu nani na nani watatangulia.

Sasa, ndugu msomaji, iko picha moja iliyoivunja sheria hiyo mara mbili, na wengi walioiona hawakushtuka kwa sababu ilivunjwa huku majengo yakilipuka. Ni The Dark Knight ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Christopher Nolan na kuandikwa na yeye pamoja na mdogo wake Jonathan. Humo adui hafi. Anaachwa ananing'inia miguu juu kichwa chini, anacheka, polisi wanakuja kumchukua. Na anayekufa kwa mkono wa stelingi ni mtu ambaye nusu nzima ya picha tulikuwa tunaambiwa ndiye mwema kuliko wote.

Picha hii iliingiza zaidi ya dola bilioni moja duniani. Heath Ledger, aliyemcheza Joker, alifariki Januari mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 28, miezi sita kabla picha haijatoka, na mwaka 2009 akapewa Oscar akiwa kaburini. Kwa hiyo karibu kila linalosemwa kijiweni juu ya picha hii linasemwa juu ya Joker: ile sauti, ule ulimi unaolamba midomo, ile penseli. Sawa, hata mimi nitamgusa. Lakini tumemkodolea macho adui kiasi kwamba hatukumtazama vizuri stelingi anafanya nini katika dakika tano za mwisho. Anadanganya. Anaudanganya mji mzima, na muziki unapanda ili sisi tulio kwenye mabenchi tuone kwamba huo ndio ushujaa wenyewe.

Kwa ambaye hajaiona, au aliiona akiwa amekalishwa nyuma ya nguzo, kisa ni hiki. Gotham ni mji wa kubuni wa Marekani, ingawa barabara nyingi unazoziona humo ni za Chicago. Bruce Wayne ni tajiri ambaye wazazi wake waliuawa akiwa mtoto. Usiku huvaa gwanda jeusi la popo akawa Batman, anapiga majambazi. Mhusika huyu ni mzee, alianza kuchapishwa katika vijitabu vya katuni mwaka 1939, na Joker akamfuata 1940. Hapai angani kama wenzake wala risasi hazimgeuki. Nguvu zake ni hela. Anaungana na Jim Gordon, polisi asiyekula rushwa, na Harvey Dent, mwendesha mashtaka wa mji, kijana mwenye kidevu cha kwenye bango la uchaguzi, ili kuwabana wakubwa wa uhalifu. Wakubwa hao wakishabanwa sana wanamkubali mtu mmoja aliyejipaka rangi usoni ambaye siku nyingine wasingemkaribisha hata mlangoni. Hapo moto unawaka.

Tuanze na huyo, maana najua ndiye mliyemjia.

Shuleni tulikaririshwa mhusika bapa na mhusika duara, tukavijaza kwenye mtihani, tukapata alama zetu, basi. Lakini hakuna aliyetuambia jinsi ya kumtengeneza mtu mbaya. Ukiisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert unakuta nduguze Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na kabla hawajafungua mdomo umeshajua watakalotenda. Shaaban Robert alikuwa na sababu zake. Ile ni kazi ya maadili, na majina ni sehemu ya somo. Sisi tuliokuja baadaye ndio tumechukua ufundi ule tukaugeuza uvivu. Soma miswada yetu: tajiri mbaya ana kitambi, anavuta sigara kubwa, anacheka "kwa kebehi". Akitokea mbaya ambaye ni maskini, basi sura mbili nzima tunaeleza jinsi baba wa kambo alivyomtesa. Ama tunamhukumu ukurasa wa kwanza, ama tunamwombea msamaha.

Nolan amefanya jambo rahisi ambalo ni gumu. Amemnyima adui wake wasifu. Joker akikamatwa na kuwekwa rumande, polisi hawapati alama za vidole zake kwenye kumbukumbu, nguo zake hazina lebo, mifukoni hamna kitu ila visu. Ana makovu mawili makubwa kuanzia pembe za mdomo. Anamweleza jambazi mmoja jinsi alivyoyapata: baba yake mlevi alimkata. Unaanza kumwonea huruma, unasema ahaa, kumbe! Baadaye anamweleza Rachel, yule mwanamke anayependwa na Bruce na Dent wote wawili, na safari hii ni habari ya mke, na ni yeye mwenyewe aliyejikata. Hadithi mbili haziwezi kuwa kweli zote. Ile huruma uliyokwisha kuitoa haina pa kwenda, na inarudi kwako imeoza. Mimi sijaona namna safi kuliko hiyo ya kumfanya mtazamaji amwogope mtu. Hakuongezewa damu wala kelele, aliongezewa hadithi ya pili tu.

Tena anajitangaza kuwa hana mpango, ni mbwa anayekimbiza magari, akilikamata lolote hajui alifanyie nini. Huo nao ni uongo. Mtu asiye na mpango hawezi kutoa basi la shule ndani ya benki kwa mwanya uleule ambapo msururu wa mabasi ya shule unapita. Hawezi kuweka mabomu hospitali nzima bila hata mfagiaji mmoja kushtuka. (Hapa nakiri waandishi wamemsaidia mno. Joker ana bahati kuliko timu inayocheza nyumbani.) Lakini uongo wake haunisumbui, maana adui kazi yake ni kudanganya. Kinachonisumbua ni kwamba yeye ndiye mtu pekee katika picha anayewaambia wenzake usoni kile anachokiamini juu ya watu. Anaamini wema wa watu ni wa hali nzuri ya hewa. Waondolee chakula na usalama kwa siku moja, hawa wanaojiita wastaarabu watatafunana. Hiyo ndiyo dau lake, na picha nzima ni dau hilo.

Batman anaweka dau upande wa pili. Anasema watu wa Gotham ni wema. Sawa. Sasa tuwatazame hawa wanaoamini wema wa watu wanavyoishi na watu.

Harvey Dent ana sarafu aliyopewa na baba yake. Akitaka kuamua jambo anairusha. Baadaye tunagundua sarafu yenyewe haina mwenge. Ina kichwa huku na kichwa huku. Kila alipoirusha alikwisha amua. Katika kituko kimoja anamtisha kwa bastola mmoja wa watu wa Joker, mgonjwa wa akili, na anarusha sarafu kana kwamba maisha ya yule mtu yako hewani. Hayako hewani. Ni maigizo. Halafu moto unamchoma Dent nusu ya uso, Rachel anakufa, na sarafu nayo inaungua upande mmoja. Kuanzia hapo ina pande mbili za kweli, na kuanzia hapo Dent anaua watu nayo. Fikirini jambo hili wenzangu mnaoandika: alipokuwa mtu mwema sarafu yake ilikuwa ya uongo, alipokuwa muuaji sarafu yake ikawa ya haki. Kitu kidogo cha kutia mfukoni kimebeba maana ya picha yote, na hakuna mhusika hata mmoja anayesimama kutufafanulia. Hicho ndicho ninachokiita fani.

Si Dent peke yake. Gordon anajifanya amekufa, msiba unafika nyumbani kwake, mkewe analia mbele ya watoto, kumbe mume yuko hai, anamtega Joker. Dent anasimama mbele ya waandishi wa habari anasema yeye ndiye Batman, na Batman halisi yumo humohumo chumbani, kimya. Alfred, yule mzee mtumishi ambaye kila mtu anampenda, anaficha barua ya Rachel. Rachel alimwandikia Bruce kwamba ameamua kuolewa na Dent. Bruce anaishi akidhani alikuwa anasubiriwa yeye, na mzee anaona afadhali adhani hivyo. (Kwa kweli Rachel amepunjwa katika picha hii. Mwanamke mwenye akili na kazi yake anawekwa ili afe na wanaume wapate sababu, na hata neno lake la mwisho linaamuliwa na mzee wa nyumba kama lisomwe au lisisomwe.) Na Batman anajenga mtambo unaogeuza kila simu ya mkononi ya Gotham kuwa sikio lake, bila kumwomba mtu ruhusa. Lucius Fox anayemtengenezea vyombo ndiye pekee anayesema hapana, hili ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Atamsaidia mara hii moja kisha anaacha kazi.

Unaona mwelekeo wake? Watu wema wa picha hii wanawapenda wananchi kama mzazi anavyompenda mtoto mchanga. Watamfia, lakini hawatamwambia kitu.

Na wananchi wenyewe je? Hapa ndipo sifa zangu nyingi kwa picha hii zilipo. Picha za aina hii kwa kawaida huwa na wananchi wa kukimbia tu. Wanapiga kelele, wanaangukiwa na kioo, stelingi anamdaka mtoto, basi. Humu wamepewa mtihani, tena siyo mmoja. Mtihani wa kwanza wanaufeli. Joker anatangaza kwamba bwana mmoja aliyegundua Batman ni nani lazima auawe ndani ya saa moja, la sivyo hospitali itapigwa. Watu wa kawaida, wenye wagonjwa wao wodini, wanatoka na bastola kumtafuta. Dereva mmoja anaelekeza lori kwenye gari alimopakiwa. Wala si watu wabaya. Ni watu wenye mke hospitalini.

Kwa hiyo inapofika habari ya pantoni mbili, hujui. Hapo ndipo waandishi walipoonyesha akili, maana wasingetutangulizia yule bwana na lori, mtihani wa pili ungekuwa mahubiri. Usiku watu wanaukimbia mji kwa pantoni. Moja imebeba raia, nyingine wafungwa. Injini zinazimika majini. Kila pantoni inakuta imepakiwa mabomu, na imewekewa kitufe cha kuilipua ile nyingine. Joker anawatangazia: mkilipua wenzenu mtapona, saa sita ikifika hamna aliyebonyeza, nawalipua wote.

Kwenye pantoni ya raia wanapiga kura. Kwa vikaratasi, kwa utaratibu, hata kwenye kifo Wamarekani wanapiga kura. Na wengi wanataka wafungwa walipuliwe. Matokeo yanasomwa, na kinafuata kimya ambacho hakuna bomu la picha hii linalokifikia, kwa sababu kura imeshinda lakini mkono wa kubonyeza haupo. Kila mtu aliandika kwenye karatasi kwamba mwingine aue. Bwana mmoja mwenye suti anasimama, kwamba kama hamna anayetaka kuchafua mikono yeye yuko tayari. Anakichukua kitufe. Anakitazama. Anakirudisha kwenye kisanduku chake, anakaa. Hasemi kitu, na hamna anayemwambia kitu.

Kwenye pantoni ya wafungwa ofisa ameshika kitufe anatoka jasho. Jitu moja la miraba minne, lenye kovu jichoni, linamwendea. Kila kitu kwenye sura yake kimepangwa ili umhukumu. Kwa sheria za banda huyo ni mtu wa adui, wa kufa dakika ya ishirini. Anamwambia ofisa ampe, atafanya kile ambacho angelikwisha kukifanya dakika kumi zilizopita. Ofisa anampa. Anakitupa dirishani, kinazama, anarudi kukaa na wenzake.

Hatukuambiwa jina lake. Hana gwanda, hana hela, hana mtambo. Alikuwa hajui kama wale wa pantoni ya pili wamepiga kura ya kumuua, na wala hakutaka kujua. Ukiniuliza stelingi wa The Dark Knight ni nani, nitakuonyesha huyo.

Saa sita inapita. Joker anashangaa, na hiyo ndiyo mara pekee katika saa mbili na nusu ambapo anashangaa kweli. Dau lake limeliwa, tena halikuliwa na Batman. Limeliwa na watu.

Picha ingeishia hapo ningeinyamazia. Haikuishia hapo. Joker, akining'inia, anasema alikuwa na karata nyingine mfukoni: Harvey Dent. Amemgeuza. Dent ameua, watu watano, wawili kati yao polisi, kwa hesabu ya Gordon mwenyewe. Sasa amemteka mke na watoto wa Gordon, anamwekea bastola mtoto wa kiume na kurusha sarafu. Batman anamvamia, wanaanguka, Dent anakufa. Gordon anasimama juu ya maiti anasema Joker ameshinda: watu wakijua kwamba mbora wao aliishia hivi watakata tamaa. Batman anajibu kwamba hawatajua. Yeye atabeba mauaji yote ya Dent, atawindwa, na Dent atazikwa kama shujaa.

Rudi nyuma kidogo. Joker anasema: watu hawa wakiujua ukweli wataanguka. Batman anasema: kweli, kwa hiyo wasiujue. Wanatofautiana nini? Dau lilikuwa kwamba watu wa Gotham ni wema wenyewe, bila kushikiliwa. Nusu saa iliyopita watu hao wamekaa gizani majini na mauti mikononi, wakachagua kufa kuliko kuua. Huyu ambaye dau lake wamelishinda kwa niaba yake anaona hawawezi hata kuhimili habari ya gazetini. Amewaamini na kitufe cha bomu, siyo na jina la muuaji. Mimi nasema Joker alishindwa kwenye pantoni akaja kushinda kwenye kichwa cha Batman.

Nimebishana na washikaji juu ya hili mpaka chai ikapoa, na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema hivi: Dent aliwafungulia kesi mamia ya wahalifu. Ukitangaza kwamba mwendesha mashtaka alikuwa muuaji, mawakili wa majambazi watafufua kila kesi, na wote watarudi mtaani. Huo uongo umeokoa maisha ya watu ambao hata hawajui. Picha yenyewe inaliweka hilo wazi, na mimi siwezi kulipuuza. Mshikaji mmoja, fundi redio, aliniuliza: kama wewe ndiye Gordon, una watoto, na ni kazi ya mwaka mzima, ungetangaza? Nilimwambia ningetangaza. Akasema ni rahisi kusema hivyo ukiwa na daftari badala ya bastola. Labda. Lakini hoja hiyo ni ya mahakama, na Batman hakutoa hoja ya mahakama. Alisema wakati mwingine ukweli hautoshi, watu wanastahili imani yao ilipwe. Hilo ni jambo jingine kabisa. Mtu anayesema hivyo hakuogopa mawakili, aliwaogopa wananchi.

Na hapa ndipo ninapoamini Nolan anajua anachofanya kuliko wanaompigia makofi. Sauti ya Batman ikiwa bado inasema maneno hayo ya imani kulipwa, picha inatuonyesha Alfred anaichoma ile barua ya Rachel. Angeweza kuionyesha popote. Ameiweka palepale, uongo wa nyumbani juu ya uongo wa mji, moto mmoja. Na Fox anaandika jina lake kwenye ule mtambo wa simu, mtambo unajiharibu, anaondoka anatabasamu. Katika wote, ni yeye tu aliyeukataa uwezo wa kuwaamulia wengine, na ni yeye tu anayetabasamu.

Picha iliyofuata, The Dark Knight Rises ya mwaka 2012, ni dhaifu zaidi, ndefu zaidi, na adui wake, Bane, anaongea kama mtu aliyefunikwa na sufuria. Lakini ina heshima ya kuudai mkopo. Imepita miaka minane. Kuna sheria yenye jina la Dent, wafungwa elfu moja wako gerezani kwa ajili yake, mji una amani, na Gordon ana hotuba ya ukweli kwenye karatasi mfukoni ambayo alitaka kuisoma akaikunja. Bane anaipata. Anasimama mbele ya gereza anaisoma hadharani, anafungua milango. Yaani ukweli ambao wema waliuficha ili mji usianguke, adui ndiye aliyeukuta na kuugeuza rungu la kuuangushia. Alfred naye anakiri habari ya barua, na Bruce anaachana naye. Malipo yote mawili katika picha moja. Nawashangaa wanaosema picha hizi mbili hazina uhusiano zaidi ya gwanda.

Kwa nini nimekalia jambo hili kurasa zote hizi, katika gazeti la hadithi? Kwa sababu Batman huyu namfahamu. Nimekutana naye kwenye ofisi za watu wanaochapa vitabu. Mhariri mmoja alimrudishia rafiki yangu hadithi nzuri sana ya kijana mpiga debe anayeiba akaendelea na maisha yake, akamwambia imekaa vizuri ila mwizi akamatwe ukurasa wa mwisho, maana "wasomaji watapotoka". Rafiki yangu akamkamatisha. Hadithi ikachapwa, ina pingu zilizotoka hewani. Wasomaji hao ambao wangepotoka ni hawahawa wanaopanda daladala na wezi kila asubuhi na hawajaanza kuiba. Wamekwisha kupita kwenye pantoni zao, wengine mara nyingi kuliko mhariri. Anayewaandikia huku akiwafichia lazima aniambie kwanza amewaona lini wakishindwa.

Lakini nirudi kwenye picha, maana kuna mtu mmoja nimemwacha kwa makusudi. Ni yule mtoto wa Gordon. Alikuwepo. Bastola ilikuwa kichwani pake, alimwona Dent uso wake nusu mbichi, aliiona sarafu ikirushwa, alisikia Batman na baba yake wakipatana watakavyosema. Anauliza kwa nini Batman anakimbia wakati hakufanya kosa, na baba yake anampa jibu refu zuri ambalo mtoto wa umri ule hawezi kulielewa. Kisha picha inaisha. Katika ile ya 2012 tunasikia kwa mdomo tu kwamba mke wa Gordon alichukua watoto akahamia Cleveland. Hatumwoni tena. Miaka minane kila mwaka Gotham inaadhimisha siku ya Harvey Dent, picha za Dent ukutani, kidevu kilekile, na kuna kijana mmoja Cleveland anayejua. Sijui alimwambia nani shuleni. Sijui kama mama yake alimruhusu kulitaja jina hilo mezani. Ndugu zangu wa Hollywood wakimwacha hapo, mimi nina daftari jipya la kurasa mia mbili, na nimekwisha mpa jina la Kiswahili.